Mayai Tisa ya Kuku wa Mama

Walimchinja kuku wangu akiwa juu ya mayai. Naanza hapo kwa sababu kila nikisimulia habari hii kuna mtu hunikatiza aniulize hasira zote zile zilikuwa za nini, na mimi sipendi kukatizwa. Zilikuwa za hilo.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka ule mvua ya mwisho wa mwaka ilipokataa kabisa, hata watu wa mlimani ambao hawajui kiangazi wakaanza kupanga foleni mtoni na mitungi. Nilikuwa nimeolewa juu, Manyatta, kwenye chai na kahawa. Lakini kwetu ni chini, Mbeere, kwenye joto, ndengu na mizinga ya nyuki. Usione ni mwendo wa asubuhi moja ukadhani watu wale ni wamoja. Huku juu mimi nilikuwa "yule wa chini". Nikipika ndengu, yule wa chini amepika chakula chao. Nikifungua mdomo, naigizwa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliniigiza vizuri kuliko wote, na alipenda kufanya hivyo wageni wakiwapo.

Nilipoolewa, mama yangu alinipa jogoo mmoja na mitetea wawili ndani ya kiondo, vichwa nje. Hakuwa na kingine cha kunipa na wala hakuona haya. Aliniambia, "Ng'ombe ni wa bwana yako. Chai ni ya baba yake. Hawa ni wako. Mtoto akiugua umpe yai bila kumwomba mtu." Walikuwa kuku wa shingo tupu, madoa meusi na meupe, miguu mirefu, kuku wa nchi ya jua. Huku mlimani walichekwa mpaka basi. Mama mkwe alikuwa akisimama uani na kikombe chake cha chai, anauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Hawa kuku wenu walivuliwa nguo na nani?" Na mimi namjibu, "Mama, wamezoea kufanya kazi." Tulikuwa hivyo, mimi na yeye.

Mama yangu alifariki mwaka mmoja kabla ya habari hii. Kuku wake wote waliliwa matangani, kama ilivyo kawaida, na sikulalamika kwa sababu wangu walikuwepo. Lakini wangu nao walikuwa wanaisha. Mchungaji akija, kuku. Krismasi, kuku. Shemeji yangu alipopata kazi ya ukarani, kuku wawili, na jogoo wa mwisho juu yake. Sikuulizwa hata siku moja. Nilikuwa narudi kutoka kazini nakuta manyoya nyuma ya jikoni, nayajua ni ya nani, naingia ndani kupika. Basi akabaki mtetea mmoja. Nilipoona ameanza kujipandisha manyoya na kung'ang'ania kiota, nilimwekea mayai yake kumi, Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, nikayatia alama ya mkaa. Nikawaambia wote nyumbani, mmoja mmoja, kwamba huyu ameatamia. Hakuna aliyesema hakusikia.

Wiki mbili baadaye, Jumapili tena, nilikuwa zamu. Nilikuwa nimeajiriwa mjini Embu, kwenye nyumba ya kutotolea vifaranga ya bwana mmoja mwenye tumbo na makelele. Kazi yangu ilikuwa kugeuza mayai kwenye mashine na kuyamulika kwa balbu kuona yaliyo hai na yaliyokufa. Mayai hayajui Jumapili. Nilirudi nyumbani jua bado liko juu ya miti, nikakuta nyayo za wageni wengi uani, sufuria kubwa imeoshwa imefunikwa. Walikuwa watu wa upande wa msichana ambaye shemeji alitaka kuoa. Nikaenda moja kwa moja kibandani. Kiota kitupu.

Mayai nilikuta jikoni, ndani ya sufuria, tisa. La kumi mama mkwe alikuwa amelipasua akitaka kuwakaangia watoto, akakuta kifaranga kichanga ndani ya damu, akamtupia mbwa.

"Mama," nikamwambia, "huyu alikuwa anaatamia."

"Wageni hawali mayai ya kesho," akasema, na akaendelea kupangusa meza.

Bwana yangu alikuwa ameketi hapo hapo anajichokonoa meno. Alikuwa amekula paja, nilikuja kujua. "Ni kuku tu," akasema. "Nitakununulia mwingine."

"Wa nani?" nikamuuliza. "Wa mama yangu unauziwa soko gani? Niambie, niende kesho."

Akarudi kwenye meno yake. Yeye alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa kukaa kitako. Mimi nilitaka kulia, si uongo, lakini sikutaka walione hilo. Nikayagusa yale mayai moja moja. Juu yalikuwa baridi. Chini, yaliyokuwa yamebanana, yalikuwa na uvuguvugu kidogo, kama maji ya kuoga yaliyosahauliwa. Nikayafunga kwenye leso, nikaifunga leso tumboni chini ya sweta, nikapika chakula cha jioni nayo, nikalala nayo chali pembeni ya jiko la mkaa. Mama mkwe aliponiona vile alicheka mpaka akashika ukuta. "Yule wa chini sasa anaatamia mwenyewe!" Nikamwacha acheke.

Asubuhi niliteremka nayo hadi mjini kwa mguu, kwa sababu sikutaka mtu yeyote anisukume kwenye matatu.

Sasa, pale kazini kulikuwa na mambo. Bosi alikuwa na wateja hadi Meru, mabibi wa soko la Gakoromone waliokuwa wanauza vifaranga kwa maboksi, na mteja mmoja mkubwa wa Kiirua. Kiirua kuna baridi ya kutoboa mifupa, na vifaranga walikuwa wakifika huko siku nzima baada ya kuanguliwa, hawajaonja kitu. Siku moja yule mteja alirudi na boksi akaliweka mezani mbele ya wanunuzi wengine, akalifungua. Wote wamelala. "Hawa ulinitumia ni vifaranga au ni soksi?" akamuuliza bosi. Kuanzia hapo bosi akawa tayari kumsikiliza mtu yeyote, ndiyo maana alimkubali daktari mmoja aliyekuja na jambo geni.

Daktari alikuwa msichana, mwanafunzi bado wa udaktari wa mifugo, mwembamba, miwani, koti jeupe linalomzidi. Alikuja na wazo ambalo wafanyakazi wote tulilicheka: kumlisha kifaranga kabla hajatoka kwenye yai. Unatoboa tundu dogo upande mnene wa yai siku ya kumi na nane, unapitisha sindano nyembamba hadi kwenye maji yaliyomzunguka, unaweka tone la maji yenye sukari na chakula cha kujenga mwili, unaziba tundu kwa nta. Kifaranga anakunywa yale maji kabla ya kutoka, kwa hiyo anakunywa na chakula. Nilimuuliza kwani kifaranga hana kiini cha kula huko ndani. Hakunicheka. Alinieleza kwamba kutoka kwenye ganda ni kazi nzito, na kifaranga anaifanya kwa akiba ndogo ya nguvu aliyojiwekea. Kama mama yake alikula vibaya, au kama yai lilipoa njiani akachelewa kukua, ile akiba inakwisha mdomo ukiwa umeshagusa ganda. Anafia mlangoni.

"Na hii sindano yako inasaidia?" nikamuuliza.

"Sijui, mama," akasema. "Ningekuwa najua nisingekuja."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Nikawa mkono wake wa pili. Nilimshikia mayai, nilimyeyushia nta, nilimchemshia sindano. Hata nta ilikuwa ya kwetu, kwa sababu mshumaa wa dukani ulikuwa unapasuka ukikauka, nikamletea kipande cha nta ya nyuki kutoka Mbeere kikakaa vizuri.

Kwa hiyo Jumatatu ile nilipofungua leso mbele yake, nilijua ninachotaka. Mama yao alikuwa amekula nini mwaka ule wa kiangazi? Mchwa na maganda. Na mayai yamepoa nusu siku. Kama kulikuwa na vifaranga duniani waliohitaji kulishwa humo ndani, ni hawa.

Tuliyamulika pamoja. Mawili yalikuwa yamekufa, yametulia, hayana mshipa. Saba yalikuwa hai. Moja lilicheza kwenye mwanga nikaona kivuli kinajigeuza, na hapo ndipo machozi yaliponitoka, mbele ya daktari, sikujali.

"Lakini siwezi kuyaweka kwenye mayai yangu, mama," akasema. "Yataharibu hesabu."

Na bosi, akipita, akayaona. Wee! Utadhani nimemletea nyoka. "Mayai ya kijijini hayaingii kwenye mashine yangu! Unataka kuniletea magonjwa? Toa! Peleka nje hiyo takataka!"

Kuhusu magonjwa alikuwa na haki, nasema hivyo leo nikiwa mzee. Siku hiyo sikuona haki yoyote. Nilimwambia, "Sitaki mashine yako." Nikaenda nyuma ya stoo ambako kulikuwa na inkubeta ya zamani, sanduku la mbao la kutumia taa ya mafuta, kuku wa jirani walikuwa wanalala juu yake. Nikalisugua na maji ya moto na sabuni, nikanunua mafuta ya taa, nikakata utambi vizuri, nikaiwasha. Kipimajoto nilichukua kile kilichopasuka kioo ambacho hakuna aliyekitaka. Ilipofika saa za chai, moto ulikuwa umetulia na mayai yangu saba yako ndani kwenye kitambaa.

Bosi akaja akasimama mlangoni. "Nani amekuruhusu?"

"Hakuna."

"Nilikuajiri ufanye hivi?"

"Uliniajiri nigeuze mayai. Nageuza."

Wafanyakazi wengine waliinama wakijifanya wanafagia. Uso ukamjaa, akasema nikichoma stoo yake nitajua yeye ni nani. Lakini hakuizima. Nadhani hata yeye alitaka kuona.

Siku tatu niliyageuza mayai yale asubuhi, mchana na jioni kabla ya kwenda. Nyumbani sikuongea na mtu. Nilipika, nikafua, nikalala. Bwana yangu aliuliza, "Bado una hasira?" Nikamjibu, "Sijaanza."

Alhamisi ikafika, siku ya kumi na nane. Daktari alikuwa na trei zake nyingi za kudunga na alifanya kazi tangu asubuhi bila kuinua kichwa. Nilimsaidia mpaka yai lake la mwisho. Chupa ya ile dawa yake ilikuwa na mabaki chini, kidogo, ya kumwagwa. Nikasimama mbele yake.

"Daktari, hiyo unayotaka kumwaga, nipe."

"Mama, sitakiwi..."

"Wewe uliposoma, ulisoma kwa ajili ya kuku wa nani?"

Akavua miwani akaifuta. Alikuwa mtoto tu, jamani, na nilikuwa namsukuma. Akanipa chupa, akanionyesha kistari kwenye sindano. "Hapa tu. Usipite hapa. Tone moja, unaziba, unarudisha kwenye joto haraka." Kisha bosi akamwita ofisini, akaenda mbio.

Nikakaa kwenye kigoda mbele ya sanduku langu. Niliua viini vya ugonjwa kwenye ganda kwa pamba na spiriti kama nilivyomwona akifanya. Nikatoboa, nikapitisha sindano, nikasukuma hadi kistari, nikaziba. La kwanza. La pili. La tatu. Mkono ulikuwa imara kabisa, nilijishangaa.

Halafu nikatazama ile sindano. Kile kitone! Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Mbeere. Kwetu mwanamke akijifungua haulizwi ameshiba au hajashiba. Anapewa uji kwenye kibuyu kikubwa, supu ya mbuzi, uji tena, na mama zake wamekaa kwenye mlango wanahesabu anavyomeza, na akiacha tone chini ya kibuyu wanaona amewatukana. Nililelewa hivyo, nilipozaa nililishwa hivyo. Na hawa vifaranga wangu walikuwa yatima, wamepigwa na baridi, mama yao yuko tumboni mwa wageni. Niwape tone? Tone moja kama watoto wa kuku wa bosi wanaokula unga wa magunia? Nilisikia aibu, haki ya Mungu, kama mtu aliyemwekea mgeni sahani nusu. Yale manne yaliyobaki niliyapa mara mbili. Nilisukuma kistari kimoja, nikasukuma kingine, nikasema moyoni, shibeni.

Nikaziba. Nikafunga sanduku. Nikaenda nyumbani nimefurahi kuliko siku zote za wiki ile.

Ijumaa sikuona kitu kwa sababu mayai hayaguswi siku hizo za mwisho. Jumamosi nikaona unyevu umepita kwenye nta ya mayai yale manne, majimaji mepesi yenye damu. Nikamwita daktari. Aliyamulika moja baada ya jingine. Hakuna kilichocheza.

"Uliweka kiasi gani, mama?"

Nikamwambia.

Akaliweka yai la mwisho chini. Alikuwa na moyo mzuri, alitafuta maneno. "Hakuna nafasi humo ndani," akasema mwishowe. "Amejaa ganda lote. Ukimzidishia, anazama."

Nikaondoka hapo nikaenda nyuma ya choo nikajipiga kofi, kofi kweli. Nilikuwa nimeua wanne kwa mkono wangu mwenyewe. Mama mkwe aliua mmoja kwa wageni, na mimi niliua wanne kwa ukarimu, na sikuwa na mtu wa kumlaumu. Hasira isiyo na mtu wa kuibeba inauma vibaya sana. Nilirudi nimefumba mdomo, nikaongeza mafuta kwenye taa. Matatu yalibaki. Nilikuwa nimeyapa kiasi kilichotakiwa, na nilijiambia kwa jinsi nilivyo, kama Mungu anataka kunifunza, anifunze baadaye, sasa hivi nina kazi.

Jumapili, siku ya ishirini na moja, mayai yote ya daktari yalianza kulia. Ukumbi mzima ulijaa ile sauti, na yeye anakimbia kutoka trei hadi trei na daftari lake, anacheka peke yake. Kwenye sanduku langu kimya. Mchana kimya. Jioni kimya.

Jumatatu asubuhi, bosi akaja stoo. Alikuwa na furaha, vifaranga wa daktari walikuwa wamesimama vizuri, na mtu mwenye furaha hupenda kupanga vitu. "Siku zimepita," akasema. "Zima hiyo kitu. Nataka nafasi."

"Yalipoa nusu siku," nikamwambia. "Yatachelewa nusu siku, hata moja."

"Mama, yamekufa. Zima."

Nikasimama kati yake na taa. Sijui nilikuwa na uso gani, kwa sababu alirudi nyuma hatua moja. "Ukitaka kuizima, izime wewe," nikamwambia. "Lakini uje kwanza uweke sikio hapa, uniambie hakuna kitu, halafu uzime."

Sikujua kama kuna kitu. Nilisema tu. Yule mtu mzima, na tumbo lake, akainama akaweka sikio kwenye sanduku kwa sababu ya makelele yangu. Akakaa hivyo. Akainua mkono ninyamaze.

"Kuna mmoja anagonga," akasema.

Tulifungua. Yai moja lilikuwa na ufa na ncha ya mdomo imetoka, na mdomo unafunguka na kujifunga. La pili lilikuwa na ufa pia lakini ndani kimya. Huyo alifia mlangoni, kama daktari alivyoeleza. La tatu halikuwa na ufa wala sauti. Niliketi na lile moja hadi saa saba mchana. Bosi alikuja mara tatu, eti anatafuta nyundo. Daktari alikuja akachuchumaa karibu yangu, akanishika mkono nilipotaka kumega ganda nimsaidie. "Umeshamsaidia," akasema. "Mwache." Kukaa vile na mikono mapajani ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Akatoka. Shingo tupu. Amelowa, amechoka, mbaya kabisa, na ana madoa. Nilipiga yowe lililosikika hadi barabarani, vile vigelegele tunavyopiga kwetu mtoto akizaliwa, mara tatu, kama apigiwavyo msichana, kwa kuwa nilidhani ni jike, sijui kwa nini nilidhani. Nilikuwa sawa.

Sasa watu wasomi huniambia pengine hata bila sindano angetoka. Daktari mwenyewe aliniambia hivyo: yai moja si ushahidi, mama. Vizuri. Mimi siandiki ushahidi. Alikuwa na baridi ya nusu siku, mama mwenye njaa, na tumbo la binadamu kwa kiota, akatoka na nguvu za kusimama. Anayetaka kubishana aende akabishane na yeye.

Nilimlea ndani ya nyumba, kwenye boksi chini ya kitanda, na nikimwacha nilimwacha kwa jirani. Nilimlisha ndengu iliyosagwa. Alikua mrefu, mkali, mdomo tayari. Jogoo wa mama mkwe walimpanda, wale wenye shingo za manyoya, na sikujali, kwa sababu shingo tupu hupita hata kwa mzazi mmoja. Akataga. Akaatamia. Mayai kumi na moja.

Na ndipo wakaja tena. Wale watu wa upande wa msichana, mazungumzo yalikuwa yamefika mbali, walikuwa wazee wanne na kina mama watatu. Nilikuwa nyumbani siku hiyo. Nikamwona mama mkwe anavuka uani anakuja kwangu, anatembea polepole, hana kikombe chake cha chai. Akasimama.

"Una kuku?" akaniuliza. Kwa miaka yote hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniuliza.

"Ninaye. Anaatamia."

Hakusogea. Alitazama kibanda, akatazama mikono yake. "Hata yule mwingine nilijua anaatamia," akasema. "Wageni walikuwa wameshafika, nikaona aibu, nikawafukuza jogoo wangu shamba zima wakanishinda. Nikaenda kibandani. Yeye hakukimbia. Nilimshika akiwa ameketi tu, ananitazama."

Alisema hivyo, kisha akabaki amesimama, na nikaona haondoki. Alikuwa amesema yote yale na bado alimtaka huyu. Wageni walikuwa ndani wanakunywa chai. Bwana yangu alitokea mlangoni, akaona, akarudi ndani.

Sikupiga kelele. Nilivuta kigoda nikakiweka katikati ya mlango wa kibanda, nikaketi, nikakunja leso magotini. Nyuma yangu nilimsikia akijigeuza juu ya mayai yake.

"Basi, mama," nikamwambia, "anza na mimi."

Tulitazamana mpaka chai ya wageni ikaisha na wakaanza kumwita kwa jina. Akageuka akaenda. Siku hiyo walikula ndengu, na niliwapikia mimi.